Fainali Atakayoikosa Dewitt

Mwezi wa Agosti, mjini Coldiron, jimbo la Alabama, kila mtu ni tajiri. Timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani haijacheza mechi hata moja, kwa hiyo haijafungwa hata moja. Wenye maduka hutembea kifua mbele. Mchungaji hufupisha mahubiri bila kuombwa. Hata mbwa wa Hoyt Pickard, mchoma nyama, ambaye miezi mingine hulala kama gunia kando ya jiko, mwezi huo husimama na kuutazama uwanja.

Na katika utajiri huo wote, tajiri mkuu alikuwa Dewitt Scroggins, muuza matairi.

Kila mwaka, Jumatatu ya kwanza ya kipindi cha mpira cha Royce Lassiter redioni, Dewitt ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu. Si kwamba wengine hawakujua kubonyeza namba. Walimwachia. Royce alisema, "Tuko hewani, nani mwenzetu?" na sauti nzito kama tairi la trekta ikajibu, "Dewitt wa Matairi. Mwaka huu ni wetu." Kisha akakata simu. Basi, msimu ulikuwa umefunguliwa, na mtu angeweza kurudi kwenye chakula chake.

Alisema hivyo mwaka ambao Nyigu wa Chuo cha Pruitt walishinda mechi tatu. Akasema hivyo mwaka uliofuata, waliposhinda mbili. Akasema hivyo mwaka ambao mpiga teke wao aliukosea mpira, ukaruka pembeni na kumlaza chini mpiga tarumbeta wa bendi yao wenyewe. Watu walimcheka, lakini walimcheka kwa mapenzi, maana siku ambazo imani iliwaishia wao, walijua kuna mzee mmoja pale kwenye kona ya barabara ambaye ghala lake halijawahi kuwa tupu.

Ndivyo walivyoamini. Hawakujua habari ya Februari.

Februari hiyo, Raelynn, binti pekee wa Dewitt, alikuwa anatafuta tarehe ya harusi. Kutafuta tarehe ya harusi Coldiron si mchezo. Jumamosi za vuli ni za mpira, na mtoto wa pale hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mtu akiweka harusi Jumamosi ya mechi, wageni wanakuja na waya za redio masikioni, na bwana harusi akisema "nakubali" kuna mjomba nyuma anapiga kelele "Mkamate huyo!" Juu ya hayo, mchumba wa Raelynn, Anselm Thibodeaux, kijana mpole wa Louisiana, alikuwa anafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari. Alikuwa baharini wiki kadhaa, nchi kavu wiki kadhaa, na mtambo haubembelezwi. Raelynn alipanga huku, akapangua kule, ikabaki Jumamosi moja tu ambayo Anselm alikuwa nchi kavu, ukumbi ulikuwa wazi, na Chuo cha Pruitt hakikuwa na mechi. Jumamosi ya kwanza ya Desemba.

Hakikuwa na mechi kwa sababu siku hiyo hucheza timu mbili tu, zile bora kuliko zote katika Ligi ya Mito. Hukutana Birmingham, mwendo wa saa nyingi barabarani. Ndiyo fainali.

"Na wakifika fainali je, Baba?" Raelynn alimuuliza.

Dewitt alikuwa anakunywa chai ya barafu. Alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Mwanangu," alisema, akijifuta kwa mkono wa shati, "siku hiyo Nyigu watakuwa nyumbani wanakula karanga. Weka tarehe."

Mji mwingine wowote, hilo ni jibu la mtu mwenye akili timamu. Coldiron, tena kutoka kinywani mwa Dewitt, lilikuwa sawa na mchungaji kukutwa amejikatia tiketi ya kwenda motoni. Lakini waliosikia walikuwa wawili tu, Raelynn na mama yake, Bi Marvelle, na hao walikuwa wanampenda. Tarehe ikawekwa. Hoyt akaambiwa kuna nguruwe wa kuchoma Desemba, akasema sawa, nguruwe hana ratiba. Maisha yakaendelea.

Machi, akaja Tavion Mayhew.

Tavion alikuwa mrushaji. Katika mpira wa Kimarekani timu isiyo na mrushaji ni lori lisilo na usukani, na Pruitt walikuwa wameendesha lori hilo kwa miaka, wakiingia mtaroni kila Jumamosi mbele ya familia zao. Kijana huyu alikuwa amekaa benchi kwenye chuo kimoja kikubwa chenye uwanja kama mji, akachoka, akaamua kuhamia Pruitt kwa sababu bibi yake aliishi karibu na hapo na goti lilikuwa linamsumbua bibi huyo. Dewitt alipoisikia habari hiyo alicheza peke yake katikati ya matairi. Kisha akahisi kitu kidogo chini ya ubavu, kama msumari ulioingia kwenye tairi. Upepo haujatoka bado, lakini ukitega sikio unausikia.

Aprili, wale vijana wanene wa mstari wa mbele, wenye shingo kama visiki, wote walitangaza hawahami. Dewitt akaimba. Msumari ukasogea. Mei, akapatikana mpiga teke mpya, Mghana aliyekuja kusoma uhandisi, aliyekuwa anaupiga mpira kutoka mbali hivi kwamba ndege walibadilisha njia. Dewitt akaimba zaidi. Msumari ukazama. Julai, waandishi wa habari za michezo, wale wale waliokuwa wanawaweka Nyigu mkiani kila mwaka kama desturi, wakawaweka wa pili. Wa pili! Dewitt alipandisha bendera mbili nje ya duka, za njano na nyeusi, kisha akaingia ndani akakaa juu ya tairi na kushika kichwa.

"Unaumwa?" Bi Marvelle alimuuliza.

"Nina furaha," alisema Dewitt. "Sijawahi kuwa na furaha kiasi hiki. Niache."

Ikafika siku ya mashabiki, siku ambayo kocha hufungua milango watu wakaangalie mazoezi. Joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya boneti, lakini nusu ya mji ilikuwa jukwaani, na karanga za kuchemsha, na chai kwenye madumu, na wimbo:

*Nyigu, Nyigu, choma, choma!*
*Anayekuja atakoma!*
*Akirudi, ana homa!*

Mwisho wa mazoezi hufika zamu ya tairi. Kila mwaka Dewitt hutoa tairi moja, linaning'inizwa kwa kamba golini, na warushaji wanajaribu kuupitisha mpira katikati yake. Kwa miaka mingi tairi hilo lilikuwa linarudi dukani bila hata vumbi la mpira. Dewitt aliwahi kuliuza tena kama jipya, na mnunuzi hakulalamika.

Siku hiyo kocha mwenyewe alilisukuma, likaanza kubembea. Tavion akasimama katikati ya uwanja. Akatazama. Akarudi nyuma hatua kadhaa, kana kwamba pale palikuwa pa watoto. Kisha akakimbia, jamani, akakimbia kuelekea pembeni kama anayefukuzwa na mbwa, na huku anakimbia, bila kusimama, bila hata kugeuza kiwiliwili vizuri, akaurusha.

Mpira ulipanda. Ulipanda mpaka watu wenye jua machoni wakaupoteza. Halafu ukashuka ukizunguka taratibu kwa adabu kama mgeni anayejua mlango ulipo, ukapita katikati ya tairi bila kuligusa.

Mtu mmoja alisema, "Bahati." Tavion akapewa mpira mwingine, akakimbilia upande wa pili, akarudia.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi nje ya mji. Watu wasiosalimiana walikumbatiana. Bi Earlene Stubbs, kiongozi wa kwaya, mwanamke wa heshima zake, alirusha kofia yake na haikupatikana tena. Na Dewitt, mwenye umri wake na kitambi chake, alishuka ngazi za jukwaa mbili mbili, akaruka kizuizi, akamkumbatia Tavion Mayhew na jasho lake lote.

"Mwanangu! Mwanangu wewe! Lile tairi ni langu!"

"Ni tairi zuri, bwana," alisema Tavion. Bibi yake alimlea vizuri.

"Unakula nguruwe? Binti yangu anaolewa! Njoo! Njoo na bibi yako, njoo na timu nzima, njoo na yule Mghana!"

"Hongera sana, bwana. Ni lini?"

"Jumamosi ya kwanza ya Des—"

Mdomo ulijifunga wenyewe. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu ile ilitosha.

Tavion alitabasamu. "Nitaangalia ratiba yangu, bwana," alisema, akaenda zake kunywa maji.

Dewitt aligeuka. Nyuma yake alikuwa Hoyt Pickard, aliyemfuata ili naye amkumbatie kijana, na nyuma ya Hoyt watu kama thelathini wenye nia hiyo hiyo.

"Dewitt," alisema Hoyt polepole. "Jumamosi ya kwanza ya nini?"

"Ya Desemba."

"Desemba ile yenye fainali?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Mimi uliniambia Desemba tu. Sikuuliza siku, nilijua wewe ni mtu mzima." Hoyt alivua kofia, akapangusa paji la uso. "Ina maana Februari ulikaa chini, ukafikiri, ukaona hatufiki."

"Hoyt, kaka, Februari tulikuwa tumeshinda mechi mbili..."

"Na redioni ukasemaje? Mwaka huu ni wetu! Kila mwaka ni wetu! Kumbe miaka yote unatuuzia matairi ya viraka!"

"Mimi nilikuwa nakuombea, Dewitt," alisema Bi Earlene, kichwa wazi. "Nilikuwa nakutaja kwa jina."

Habari ilimtangulia kurudi mjini. Kesho yake watu walikuja dukani bila kuhitaji tairi lolote. "Habari za asubuhi, mwenye imani haba," walisema, wakaondoka. Mtu alimwekea mlangoni mfuko wa karanga, eti ale nyumbani siku ya fainali. Yule mteja wa lile tairi la zamani alilirudisha, akasema sasa analitilia mashaka. Na katikati ya aibu hiyo yote, Dewitt alikuwa kila akifumba macho anauona ule mpira ukishuka ndani ya tairi, na moyo unampanda kama mtoto wa mbuzi. Fainali! Mara ya mwisho Nyigu kufika, baba yake Dewitt alikuwa hai na alimbeba mabegani. Mzee alisubiri waifikie tena, akasubiri, akafa anasubiri.

Jumapili, baada ya kanisa, walikuwa mezani na kuku wa kukaanga, Dewitt akakohoa.

"Mwanangu, kuhusu ile tarehe..."

Bi Marvelle aliweka kisu chini. "Dewitt Scroggins, usianze."

"Nauliza tu! Kuuliza si dhambi."

"Anselm akirudi tena nchi kavu ni Krismasi," alisema Raelynn, "na Krismasi ukumbi umejaa. Tumeshazungumza. Anselm hana tatizo, mimi sina tatizo. Tatizo ni la nani, Baba?"

"La mji."

"Mji hauolewi."

"Na kama tungefunga asubuhi? Mapema kidogo?"

"Asubuhi ukumbi una kina mama wanaouza keki za kanisa. Halafu Birmingham si hapo nyuma ya nyumba. Unataka ukimbie na keki mdomoni?"

"Keki naweza kula njiani," alisema Dewitt kabla hajajizuia.

Bi Marvelle alicheka mpaka akaegemea meza. Raelynn naye alicheka, lakini akaacha mapema. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na alijua kumtazama mtu mpaka akae sawa.

"Sikiliza, Baba. Nilikuona harusini kwa binamu Lorene. Mwili ulikuwa kwenye benchi la kanisa, sikio lilikuwa uwanjani. Bibi harusi anapita, wewe unauma kucha kwa sababu ya mechi. Mimi sitaki kushikwa mkono na nusu mtu. Wakifika fainali, uje mzima au uende mzima. Nenda na baraka zangu, kweli, Mjomba atanisindikiza, sitanuna. Ila chagua. Na uliseme redioni kesho, kwa sababu huko ndiko unakosema mambo yako ya kweli."

"Hata hatujui kama watafika!"

"Hivyo ndivyo ulivyosema Februari," alisema Raelynn, akachukua paja la kuku lililobaki.

Jumatatu jioni Dewitt alijifungia dukani. Redio ilikuwa kwenye rafu, kati ya makopo ya gundi. Ng'ambo ya barabara, kwa Hoyt, watu walikuwa wamejazana mpaka nje wakisubiri kumsikia, madirisha wazi, moshi wa nyama umetanda. Walikuwa na hamu ya kuona atasema nini. Akisema mwaka huu ni wetu, watazomea, maana wamejua anaposema hivyo huwa ameshaweka harusi. Akisema si wetu, Mungu amsaidie.

Muziki wa kipindi ulipigwa. "Habari za jioni, wanangu wa Nyigu," ilisema sauti ya Royce Lassiter. "Simu iko wazi. Sisemi ni ya nani."

Dewitt aliishika simu bila kupiga. Kwanza aliuona uwanja wa Birmingham, nyasi chini ya taa, na shati la njano la Tavion. Kisha akamwona Raelynn mdogo, juu ya mabega yake, mvua inawanyeshea wote wawili, Nyigu wamefungwa vibaya na uwanja umebaki mtupu, na mtoto bado anaimba kwa nguvu zote, amekosea maneno, *Nyigu, Nyigu, soma, soma!* Walibaki mpaka mwisho kwa sababu Raelynn hakutaka kuondoka. Alikuwa na imani kubwa kuliko yake hata wakati ule.

Na hapo Dewitt akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Ile sentensi yake haikuwahi kumgharimu chochote. Miaka yote alikuwa anaitoa bure.

Akapiga.

"Tuko hewani, nani mwenzetu?"

"Dewitt wa Matairi."

Kelele zilivuka barabara kutoka kwa Hoyt. Royce alisubiri zipungue. "Coldiron nzima inakusikia, kaka. Nasikia wengine wameshika nyanya."

"Mwaka huu ni wetu," alisema Dewitt.

"Uuuu!" walizomea ng'ambo.

"Ngojeni! Sijamaliza!" Aliingiwa na moto, akasimama juu ya tairi bila kujua. "Mwaka huu ni wetu. Tutafika fainali. Tutaingia Birmingham kama kundi zima limetoka kiotani, na mimi sitakuwepo!"

Ng'ambo ya barabara kuzomea kulikatika katikati.

"Rudia hapo, kaka," alisema Royce.

"Sitakuwepo! Tavion atarusha, na wale wanene watafungua njia, na yule Mghana atapiga teke la mwisho, na mimi nitakuwa ukumbini hapa Coldiron, na suti inayonibana, nimemshika binti yangu mkono. Bila redio. Bila waya sikioni. Nitaikosa yote! Mtarudi mtanisimulia, na kila mkinisimulia nitaumia, na nitaumia mpaka nazeeka. Februari niliona hawafiki, nakubali. Leo najua wanafika, na tarehe haisogei! Wewe Hoyt Pickard, uliyesema nauza viraka, kwenda kwenye fainali kila mtu anaweza. Nani kati yenu anaamini kiasi cha kuikosa?"

Akakata simu, kama desturi. Alitazama dirishani akaona watu kwa Hoyt wamesimama tu, vipande vya nyama mikononi. Kisha akamwona Hoyt akiingia ndani.

"Tuko hewani," alisema Royce. "Nani mwenzetu?"

"Hoyt wa Nyama. Mimi naamini kiasi cha kuikosa. Nguruwe wa harusi hajigeuzi mwenyewe. Na niseme, nitaikosa kuliko Dewitt, maana mimi nitakuwa nje kwenye baridi."

Hapo ndipo mji ulipopata kichaa. Simu ziligongana. Bi Earlene Stubbs alisema kwaya nzima itaimba harusini, wataikosa fainali kwa sauti nne. Akaongeza kwamba yeye ameketi akatafakari, na baraka zote za mwaka huu, mrushaji, wanene, Mghana, zote zilianza baada ya tarehe ya harusi kuwekwa, kwa hiyo Raelynn akithubutu kuisogeza hata kwa saa moja atamjua yeye ni nani. Mchungaji alipiga akasema yeye alikuwa wa kuikosa tangu mwanzo, ndiye anayefungisha, na anashangaa hakuna aliyemsifu. Mwenye duka la dawa aliapa kuikosa na mkewe na wakwe zake. Fundi mmoja alisema hajaalikwa harusini lakini atakaa nyumbani gizani aikose peke yake.

"Jamani!" alilia Royce. "Lazima mtu aende! Nani atawashangilia vijana?"

"Nenda wewe, mwenye imani haba!" alisema aliyekuwa kwenye simu, na ng'ambo ya barabara watu wakaanguka kwa kicheko.

Mlango wa duka ulifunguliwa. Raelynn aliingia, na Bi Marvelle nyuma yake. Walikuwa wamekuja kwa miguu, redio ndogo mkononi. Raelynn alimkuta baba yake bado amesimama juu ya tairi kama sanamu ya shujaa wa vita fulani vilivyoshindwa, akamshusha kwa mkono, kisha hakuuachia ule mkono.

"Uko mzima?" alimuuliza.

"Mzima."

"Nimekusikia." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Suti ni kweli inakubana. Tutaipanua."

"Tuko hewani," Royce alikuwa anasema, amechoka na amefurahi. "Nani tena?"

"Habari za jioni, bwana," ilisema sauti ya kijana, ya upole. "Naitwa Tavion Mayhew."

Mbwa wa Hoyt alikaa chini.

"Samahani kwa kuingilia, bwana. Bibi yangu amenisema. Amesema si adabu mtu kualikwa harusini asijibu. Bwana Scroggins alinialika siku ya mashabiki, na mimi nikamwambia nitaangalia ratiba yangu." Karatasi ilisikika ikikunjuliwa, na nyuma yake sauti ya mwanamke mzee ikinong'ona jambo. "Basi, nimeangalia. Naomba radhi kwake na kwa bibi harusi. Sitaweza kuja. Siku hiyo nitakuwa na kazi Birmingham."

Dewitt hakukumbuka vizuri kilichofuata. Honi zililia barabara nzima. Watu walimwagika kutoka kwa Hoyt, wakaimba *choma, choma* wakilizunguka duka la matairi, Bi Earlene mbele yao na kofia mpya, na mtu fulani aliurusha juu ule mfuko wa karanga, zikanyesha kama mvua. Hoyt aliingia akamkumbatia Dewitt, akinuka moshi, akatoka akaingia tena akamkumbatia mara ya pili. Raelynn alikuwa amenyakua simu ya duka, na Royce akamuunganisha na Tavion.

"Tavion? Ni bibi harusi. Umesamehewa. Tutakuwekea kipande cha keki."

"Asante, dada. Bibi anauliza kama yeye bado anaweza kuja."

"Hataenda kukuona ukicheza?"

Kulikuwa na mnong'ono mwingine. "Anasema mimi amenizoea."

Baadaye, wimbo uliposogea barabarani na wao watatu wakabaki ndani ya duka, Bi Marvelle alimimina chai ya barafu, akampa mumewe glasi. Raelynn alikuwa amekaa juu ya tairi, viatu amevua, anazichambua karanga kutoka kwenye nywele zake.

"Baba," alisema. "Na wasipofika je?"

Dewitt alikuwa ameshapiga funda. Mkewe alirudi nyuma hatua moja kwa tahadhari.

"Watafika," alisema Dewitt, na chai ikashuka njia yake.